Mgeni Anakuja Dodoma: Mwongozo Kamili wa Viza na Vibali kwa Mwenyeji Wake

Muuguzi yule alikuwa bado amevaa glovu afisa uhamiaji alipomwomba pasipoti. Ilikuwa barazani kwenye zahanati, asubuhi ya kliniki ya watoto, akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Afisa alifunua kurasa polepole, akafika kwenye muhuri, akauliza swali moja: "Dada, hapa umekuja kutembea au kufanya kazi?" Akajibu kwa uaminifu kwamba anajitolea. Viza yake ilikuwa ya matembezi, ile ya dola 50, na aliyemwambia aje nayo ni mimi. Nilidhani kwa kuwa halipwi mshahara, basi hafanyi kazi. Siku zilizofuata tulizimaliza kwenye viti vya kusubiria, na mwisho wake aliondoka mapema kuliko alivyopanga, huku wagonjwa wakimuulizia.

Tangu siku hiyo nimeshughulikia makaratasi ya wageni wengi wanaokuja kanda hii ya kati: walimu, mafundi mitambo, watu wa makanisa, na sasa wanaotafuta ardhi na zabibu. Nimejifunza kwamba viza huchaguliwa kwa kile mgeni atakachokifanya akishafika. Bei haihusiki, urahisi hauhusiki. Na anayepaswa kulijua hilo kwanza ni mwenyeji, kwa sababu mgeni yuko mbali na anakuamini wewe.

Anza na maswali matatu

Kabla ya kugusa kompyuta, mpigie mgeni wako umuulize: Utafanya nini hasa hapa, siku hadi siku? Utakaa muda gani? Nani anakulipa, au nani anafaidika na kazi yako? Andika majibu kwenye karatasi. Usikubali jibu la "nakuja kuwatembelea tu" kutoka kwa mtu ambaye tayari mmepanga naye ratiba ya kufundisha darasa la tano kwa wiki sita. Kusimama mbele ya darasa ni kazi hata kama haina malipo, na kushika sindano ni kazi. Kukaa kwenye mkutano, kutembelea ndugu, kwenda Kondoa kuangalia michoro ya mapangoni kule Kolo, hayo ni matembezi.

Swali la nne linahusu uraia, na hapo angalia pasipoti atakayosafiria. Mtu anaweza kuishi London miaka 20 na bado pasipoti yake ikawa ya nchi nyingine kabisa.

Wasiohitaji viza na wanaosubiri zaidi

Ndugu zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza 2010, mgeni kutoka nchi hizo anaweza kukaa hadi miezi 6. Lakini agongewe muhuri mpakani. Nimewaona watu wanaovuka Namanga au Sirari kwa kufuata umati, wanapita dirisha la Uhamiaji bila kusimama, halafu wanafika Dodoma hawana ushahidi wowote wa lini waliingia. Msimamo wa "sisi ni ndugu" hauwasaidii hapo. Na kutohitaji viza si ruhusa ya kuajiriwa: Mkenya anayekuja kufanya kazi katika kampuni yako bado anahitaji vibali nitakavyovieleza hapa chini. Nchi kadhaa nyingine za Afrika nazo zimesamehewa viza. Orodha kamili iko kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji.

Upande wa pili wapo raia wa nchi ambazo maombi yao lazima yapate idhini ya makao makuu ya Uhamiaji kabla ya safari. Hawa hawawezi kupata viza wakishatua uwanjani, na kusubiri kwao kunaweza kufika miezi 2. Orodha hiyo hubadilika, kwa hiyo iangalie upya kila unapomwalika mtu. Usitumie kumbukumbu ya mgeni wa mwaka juzi.

Viza zenyewe

Viza ya kawaida ni ya kuingia mara moja, hudumu hadi siku 90, na ada yake ni dola 50 za Marekani. Ni ya matembezi, likizo, kusalimia ndugu, harusi, msiba, matibabu. Raia wa Marekani yeye hupewa viza ya kuingia mara nyingi, dola 100, inayodumu mwaka mmoja. Ila kila akiingia asikae zaidi ya miezi 3 mfululizo. Wamarekani wengi huichukulia kuwa ruhusa ya kuishi nchini mwaka mzima. Waeleze mapema.

Anayepita tu kuelekea nchi nyingine ana viza ya mpito, dola 30, isiyozidi siku 7.

Viza ya biashara ni dola 250, hadi siku 90. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayookoa wenyeji wengi. Ni ya fundi anayekuja kufunga mashine ya kukamua alizeti, mkufunzi wa wiki mbili, mkaguzi wa hesabu, au mtu anayekuja kuangalia nafasi za uwekezaji na kukutana na washirika. Watu huikwepa kwa sababu ya ile tofauti ya dola 200. Fundi mwenye viza ya matembezi akikutwa amelala chini ya mashine na spana mkononi, hakuna maelezo yatakayomtoa hapo, na mashine yako itabaki imefunguliwa nusu.

Kujaza maombi

Maombi hufanyika mtandaoni kwenye visa.immigration.go.tz. Zingatia hizo herufi za mwisho, go.tz. Zipo tovuti nyingi zenye jina la Tanzania na picha nzuri za twiga, zinazotoza mara mbili au tatu ya ada halisi, na nyingine huchukua fedha na taarifa za pasipoti halafu kimya. Mtumie mgeni anwani sahihi wewe mwenyewe. Usimwambie "tafuta tu mtandaoni".

Mgeni aandae haya kabla ya kufungua fomu: pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 tangu siku ya kuingia, picha ndogo ya karibuni, nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, na tiketi ya kwenda na kurudi. Kwa viza ya biashara aongeze barua ya mwaliko kutoka kwako.

Kwenye fomu, makosa ninayokutana nayo mara kwa mara ni ya majina. Mgeni mwenye majina manne anaandika mawili anayotumia kila siku. Jina la ukoo linaandikwa mahali pa jina la kwanza. Afisa analinganisha herufi kwa herufi na pasipoti. Mwambie mgeni aweke pasipoti wazi pembeni ya kibodi na kunakili kama ilivyo, hata jina ambalo halipendi. Namba ya pasipoti nayo isomwe mara mbili: sifuri na herufi O hufanana mno kwenye picha ya simu.

Fomu itauliza kuhusu mwenyeji. Andika jina lako kamili, namba ya simu unayopokea kweli, na anwani inayoeleweka. "Dodoma" peke yake haitoshi; taja mtaa na kata, kwa mfano Mtaa na Kata ya Ipagala, Jiji la Dodoma. Umepigiwa simu kuulizwa kama unamfahamu mgeni fulani, nawe ukajibu kwa kusitasita, umeshamharibia.

Akimaliza analipa kwa kadi hapo hapo mtandaoni na kupewa namba ya maombi. Aihifadhi. Majibu huchukua hadi siku 10 za kazi, kwa hiyo mimi huwataka wageni waombe mwezi mmoja kabla. Viza ikitoka, waichape kwenye karatasi. Simu huzima chaji kwenye foleni.

Viza ya kulipia uwanjani bado ipo kwa wengi, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar na kwenye mipaka mikubwa. Siipendi kwa mgeni wangu. Anafika usiku, amechoka, foleni ndefu, na kama kuna tatizo analigundua akiwa tayari amevuka bahari. Kama atapitia Zanzibar kwanza, ajue kwamba tangu Oktoba 2024 kule mgeni analazimika kununua bima ya safari ya dola 44, na hiyo haihusiani na viza.

Barua ya mwaliko

Iandikwe kwenye karatasi yenye kichwa cha taasisi au kampuni, isainiwe na kugongwa mhuri. Itaje jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, uraia, tarehe za kuja na kuondoka, atafanya nini, atalala wapi, nani anagharamia. Ambatisha nakala ya cheti cha usajili. Kama unamwalika kama mtu binafsi, kitambulisho chako cha NIDA kitoshe pamoja na barua. Iwe ukurasa mmoja. Na iseme kweli, maana barua hiyo itabaki kwenye jalada la serikali ikiwa na saini yako.

Muhuri una kauli ya mwisho

Mgeni akishapigwa muhuri, asiondoke dirishani kabla hajausoma. Afisa ndiye anayeamua siku, na siku zilizoandikwa pale ndizo zinazohesabika. Hesabu huanza siku aliyoingia, hata kama viza ilitolewa wiki tatu nyuma.

Halafu siku 90 si miezi 3. Aliyeingia tarehe 1 Juni, siku yake ya 90 ni tarehe 29 Agosti. Akijiwekea tarehe 31 Agosti kichwani, amekwisha kuchelewa siku 2, na uwanja wa ndege hapo ndipo likizo inapoharibika. Mimi hupiga picha muhuri siku mgeni anaposhuka kwenye treni ya SGR hapa Dodoma, nahesabu kwa kalenda ya ukutani, naizungushia tarehe ya mwisho kalamu nyekundu. Kabla hata hajafundishwa kuitikia "mbukwenyi", salamu ya Wagogo, ameshaonyeshwa tarehe hiyo.

Anayekuja kuajiriwa

Hapa vibali ni viwili na ofisi ni mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Cha kazi hutangulia, na bila hicho cha ukaazi hakitoki. Anayeomba ni mwajiri. Chini ya Sheria ya Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri anatakiwa kuomba kabla mgeni hajaingia nchini. Ule mtindo wa "aje kwanza, tutamalizana akiwa hapa" ndio unaozaa kesi.

Kinachowachanganya watu ni madaraja, kwa sababu ofisi hizi mbili zinatumia herufi zilezile kwa maana tofauti. Kwa Kamishna wa Kazi, A ni mwekezaji, B ni fani maalumu kama madaktari, walimu wa sayansi na hisabati, na wataalamu wa mafuta na gesi, C ni waajiriwa wengine, D ni wanaofanya kazi za dini na za hisani, E ni wakimbizi. Kwa Uhamiaji, A ni mwekezaji au mwenye biashara yake, B ni mwajiriwa, C ni waliobaki: wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wamisionari.

Sasa chukua mtaalamu wa mvinyo anayeajiriwa na kiwanda hapa: kibali cha kazi ni C, cha ukaazi ni B. Daktari wa hospitali binafsi: B na B. Padri anayekuja kuhudumu parokiani: cha kazi ni D, cha ukaazi ni C. Nimeshaona maombi yakirudishwa kwa sababu tu mtu alidhani C ya huku ni C ya kule. Andika zote mbili juu ya jalada, moja kando ya nyingine.

Maombi yote mawili hufanyika mtandaoni. Andaa mkataba wa ajira uliosainiwa pande zote, maelezo ya kazi, wasifu wake, vyeti vilivyothibitishwa na wakili (kama haviko kwa Kiingereza, vitafsiriwe), nakala ya pasipoti, picha, na hati za kampuni: usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni, na uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Kisha mambo mawili ambayo waajiri hudharau. Moja, ushahidi kwamba ulitafuta Mtanzania ukamkosa: tangazo la kazi, idadi ya walioomba, kwa nini hawakufaa. Mbili, mpango wa urithishaji, yaani ni Mtanzania gani atajifunza kazi hiyo, kwa hatua zipi, hadi lini. Usinakili mpango wa kampuni nyingine. Taja cheo cha kijana aliyepo ofisini kwako leo, eleza mwaka wa kwanza atajifunza nini na wa pili nini. Huu mpango ninauamini kwa dhati. Vijana wetu wa UDOM wanamaliza chuo kila mwaka, na mgeni mwenye ujuzi akiondoka bila kuacha mtu, tumempoteza mara mbili.

Malipo ya vibali hufanywa kwa kumbukumbu namba, benki au kwa simu. Mtu yeyote anayekuambia umpe fedha taslimu "akusaidie kusukuma" ni kishoka. Makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa Dodoma, na hiyo ni nafuu ambayo wenzetu wa Mtwara au Kigoma hawana: nenda mwenyewe dirishani ukaulize.

Kibali cha kazi hutolewa kwanza kwa muda usiozidi miezi 24, na hakihami. Mgeni akiacha kazi kwako akaenda kwa jirani yako, jirani anaanza upya. Nawe toa taarifa kwamba ameondoka, maana jina lako bado liko kwenye kibali. Mke, mume na watoto wadogo huombewa pasi ya mtegemezi, ambayo haiwaruhusu kufanya kazi. Mwenza akipata ajira, ana safari yake ya vibali.

Mwanafunzi, mtafiti, anayejitolea

Mwanafunzi ni rahisi: chuo kinatoa barua ya kudahiliwa, naye anaombewa kibali cha ukaazi daraja C.

Mtafiti asitie mguu kijijini kabla ya kupata kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unahitaji pia idhini ya maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayohusika. Ndipo linafuata daraja C, kisha barua kwa mkoa, wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Hatua hiyo ya mwisho wageni huiona ndogo. Kwa mwenyekiti wa kijiji huko Bahi au Chamwino, barua ya mkurugenzi wa wilaya ndiyo inayoeleza kwa nini mgeni anawauliza kina mama maswali kuhusu chakula chao.

Anayejitolea ni yule muuguzi wetu. Njia yake sahihi ilikuwa daraja C, iombwe na taasisi kwa barua, cheti cha usajili, vyeti vyake vya taaluma na maelezo ya kazi atakayofanya. Kwa mwuguzi au daktari kuna la ziada: usajili wa muda kwenye baraza la taaluma yake, kwa sababu kibali cha ukaazi hakimpi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Anza miezi 3 kabla. Kama mgeni ana wiki 2 tu na hakuna muda wa vibali, mpokee kama mgeni wa kawaida, atembelee, aone, ale ugali na mlenda, aondoke bila kushika kifaa chochote cha kazi.

Mwekezaji

Aje kwanza na viza ya biashara, aone kwa macho yake. Wiki mbili za kuzunguka Hombolo na Makutupora zitamfundisha kuhusu zabibu kuliko kabrasha lolote. Akiamua, kampuni isajiliwe BRELA, ichukue TIN, halafu mradi uandikishwe TISEZA, mamlaka iliyozaliwa 2025 kwa kuunganisha Kituo cha Uwekezaji, TIC, na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZA. Sheria ya Uwekezaji ya 2022, kabla ya kufutwa 2025, iliweka kiwango cha chini cha mtaji kwa anayetaka cheti cha vivutio: dola 500,000 kwa mgeni, dola 50,000 kwa mradi wa Mtanzania. Cheti hicho hurahisisha pia vibali, kwa kuwa maafisa wa Kazi na Uhamiaji wanakaa chini ya paa moja na watu wa uwekezaji. Vibali vyake ni A kwa Kazi na A kwa Uhamiaji.

Kabla ya yote hayo, soma naye amri iliyotolewa Julai 2025 inayokataza wasio raia kufanya biashara 15. Ndani yake zimo rejareja na jumla, isipokuwa supamaketi na wauzaji wa jumla maalumu wa bidhaa za wazalishaji wa ndani; uwakala wa fedha kwa simu; ufundi wa simu; saluni; kuongoza watalii; uchimbaji mdogo wa madini; udalali; viwanda vidogo; na ununuzi wa mazao shambani. Hiyo ya mwisho inagusa mkoa wetu moja kwa moja. Mgeni anaweza kujenga kiwanda kikubwa cha mvinyo, lakini hawezi kuegesha lori Hombolo msimu wa mavuno akapima zabibu za wakulima pembezoni mwa shamba. Atanunua kupitia ushirika au mfanyabiashara mzawa. Na mzawa anayemkopesha mgeni jina lake ili afanye biashara iliyokatazwa anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miezi 3. Usikubali kuwa jina kwenye leseni ya mtu.

Ardhi ndiyo yenye machozi mengi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hiyo huipata kupitia mamlaka ya uwekezaji. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, na haiendi kwa mwekezaji wa nje mpaka ihamishwe rasmi kuwa ardhi ya jumla, hatua inayopita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi iliyosainiwa na mzee mwenye shamba na mwenyekiti wake mezani pa mgahawa haina nguvu hata kama mihuri ni mitatu. Mjini vilevile: tangu CDA, mamlaka ya zamani ya ustawishaji wa makao makuu, ivunjwe 2017, mambo ya viwanja yako Jiji la Dodoma. Mtu anayekuonyesha "ofa ya CDA" ya zamani, ipeleke ikahakikiwe kwanza ndipo mgeni atoe hata shilingi.

Jalada la mgeni

Kwa kila mgeni nafungua jalada la karatasi, kwa sababu intaneti hukatika siku ile ile unapotembelewa. Ndani yake naweka nakala ya pasipoti, viza, muhuri wa kuingia, barua ya mwaliko, vibali, risiti zote za malipo zenye kumbukumbu namba, na karatasi ya mbele yenye tarehe ya kumalizika. Afisa akifika ofisini, unampa kiti na jalada. Mgeni mwenyewe atembee na nakala, na pasipoti halisi iwe mahali anapoweza kuifikia ndani ya saa moja.

Kibali cha miezi mingi kianze kuhuishwa miezi 3 kabla hakijaisha. Na siku mgeni anapoondoka kabisa, mwombe akutumie picha ya muhuri wa kutokea akiwa bado uwanjani. Uichape, iwe karatasi ya mwisho kwenye jalada lake.